Sura ya Sita: Tone la Karafuu, Ganda la Ndimu

Mtoto alilishika ganda la chungwa kwa vidole viwili, akaligeuza upande wa nje ukaelekea mshumaa, kisha akalibana. Pap! Cheche ndogo za manjano na samawati zikaruka juu ya ulimi wa moto, zikazima. Akabana tena. Pap, pap! Jiko zima likanukia chungwa lililoungua.

Tulikuwa Kalengera, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, ukishapita Rumangabo na kabla hujafika Rubare. Jiko ni la shangazi yangu, kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba, na jioni ile mshumaa ndio uliokuwa taa yetu. Mbabula, jiko letu la makaa, ilikuwa mlangoni ikingoja makala yashike. Shangazi alimnyang'anya mtoto lile ganda, akalichovya kwenye majivu, akaanza kusugulia ukingo wa meza uliokuwa na ngozi nyeusi ya masizi na mawese. Ukingo ulikuwa unanata. Baada ya kusugua mara kumi hivi, rangi ya mbao ikaanza kuonekana.

"Hii harufu inakula mafuta," nikasema, nikijiona nimegundua jambo.

Akanitazama bila kuacha kusugua. "Baba, nguvu iko mu mukono. Harufu inafwata tu."

Nimelikumbuka jibu hilo kila mara nisomapo ahadi zilizobandikwa kwenye vichupa vya mafuta ya harufu: matone matatu na jiko lako litakuwa safi, halina mdudu, halina kijidudu. Sura hii inahusu ukweli uliomo kati ya cheche za mtoto yule na mkono wa shangazi. Yote mawili ni kweli. Mafuta yaliyomo kwenye ganda yanafanya kazi ya kweli, na mkono unafanya kubwa zaidi. Tatizo letu ni kuchanganya kazi hizo, na katika Kongo yetu, ambako kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa, mchanganyiko huo unaweza kuua.

Nianze na jina, maana limepotosha wengi. Vichupa vingine vimeandikwa kwa Kiswahili "mafuta muhimu". Goma watu husema kwa Kifaransa, huile essentielle, na kupita. Neno hilo la Kizungu halikutokana na umuhimu wowote; lilitokana na kiini, ile roho ya mmea inayonukia. Wazee wa pwani waliita tu kwa jina la mmea: mafuta ya karafuu, mafuta ya mchaichai. Wanasayansi husema mafuta tete, kwa sababu hupaa hewani yakiachwa wazi. Mimi nitaita mafuta ya harufu. Neno "muhimu" limewafanya akina mama wengi waamini kwamba bila vichupa hivi jiko lina upungufu, na hilo si kweli hata kidogo.

Chukua ganda la ndimu, lisogeze karibu na jicho. Ile ngozi ina vitone vidogo vidogo, kama imedungwa sindano. Kila kitone ni kifuko cha mafuta. Katika chungwa, zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ni kitu kimoja kiitwacho limonini. Limonini huyeyusha grisi, gundi, hata lami. Ndiyo maana viwanda vikubwa duniani huinunua kutoka kwa wakamuaji wa juisi na kuitia kwenye vimiminika vya kusafishia mashine. Na ndiyo maana ganda la shangazi liliing'oa ile ngozi ya mezani. Majivu nayo yalifanya kazi yao: yana magadi, na magadi yakikutana na mafuta ya kula huyageuza kuwa kitu kinachokaribiana na sabuni. Chembe zake ngumu husugua. Kwa hiyo mezani pale kulikuwa na kiyeyushi, magadi, kisugulio na mkono, vyote bila faranga hata moja kutoka mfukoni.

Karafuu ni habari nyingine. Ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na wafanyabiashara wa misafara ya pembe walioingiza Kiswahili hadi Maniema, Tippu Tip akiwa mkubwa wao, walikuwa na mashamba yake huko kisiwani. Lugha tunayoongea Kalengera na karafuu tunayotia kwenye pilau vilipita katika mikono ileile, mikono ambayo ilibeba pia minyororo, hilo halisahauliki. Leo ukienda Pemba, Wawi karibu na Chake Chake, utakuta kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua karafuu. Huko havitupwi. Hupakiwa ndani ya pipa kubwa la chuma, mvuke unapitishwa, unabeba mafuta, unapozwa, na maji na mafuta yanatengana yenyewe. Kiwanda hicho hukamua pia mchaichai, mdalasini na mkaratusi.

Mafuta ya karafuu yamejaa yujenoli, kitu kilekile kinachofanya jino linalouma litulie kidogo ukiliwekea karafuu. Maabara zimeonyesha mara nyingi kwamba yujenoli hutoboa ngozi ya bakteria. Thaimoli, iliyomo kwenye aina fulani za kivumbasi kinachoota nyuma ya nyumba zetu, hufanya vivyo hivyo, na Marekani kuna dawa za kuua vijidudu zilizosajiliwa rasmi ambazo thaimoli ndiyo kiini chake. Lakini dawa hizo huja na masharti: kipimo maalumu, na sehemu inayosafishwa ibaki imelowa kwa dakika kadhaa, mara nyingi hadi 10. Nani hufanya hivyo jikoni? Tunanyunyiza, tunapangusa, tunaendelea na sombe.

Hapo ndipo pengo lilipo. Maabara hutumia mafuta yenye nguvu, kwa muda mrefu, katika kisahani kisafi. Jikoni tunatia matone matatu kwenye ndoo ya lita kumi. Lita kumi! Matone ishirini hivi ndiyo mililita moja. Ukitia matone matatu ndani ya ndoo, umetia harufu, basi.

Kuna jaribio moja ningependa kila mwenye kichupa alifanye kabla hajakiamini. Chukua glasi mbili za kioo, zijaze maji. Katika ya kwanza dondosha mafuta ya chungwa. Yataelea juu, duara jembamba linalong'aa. Katika ya pili dondosha ya karafuu. Yatazama. Utaona lulu ndogo ya rangi ya chai ikishuka taratibu hadi chini, ikatulia pale. Koroga kwa kijiko: zinapasuka kuwa lulu ndogo zaidi, na ukiacha zinarudiana. Mafuta ya harufu hayachanganyiki na maji. Ukiyatia kwenye chupa ya kunyunyizia yenye maji matupu, mnyunyizo mmoja ni maji na mwingine ni mafuta makali matupu, na huo wa mafuta utamwangukia mtoto machoni au utachubua rangi ya meza.

Sasa rudia, lakini safari hii changanya kwanza matone yako na kijiko cha sabuni ya maji, ndipo umimine kwenye glasi. Maji yanageuka meupe kama tui jepesi. Hayatengani. Sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, ndiyo inayoyashikanisha. Hiyo ndiyo siri yote ya matumizi ya mafuta haya jikoni: yapitie kwenye sabuni. Kwa lita moja ya maji ya moto, kijiko kimoja cha sabuni na matone kumi yaliyokorogwa humo vinatosha meza, rafu na mlango wa kabati. Kama huna sabuni ya maji, paruza sabuni ya kipande, iloweke usiku mmoja. Hapo grisi itatoka, na jiko litanukia. Lakini kumbuka kwamba hata ungeacha yale matone kumi, sehemu kubwa ya grisi ingetoka vilevile.

Je, inafaa kununua? Nitasema ninavyoona. Mchaichai mbichi kilo 100, ukikamuliwa, hutoa mafuta yasiyofika hata lita moja. Jerania hutoa pungufu hata ya hapo. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, kampuni ya Ikirezi iliyoanzishwa na Nicholas Hitimana imekuwa ikikamua jerania na mchaichai pamoja na wakulima, wengi wao wajane, na kuyauza nje ya nchi. Ni kazi ya heshima na inalisha watu. Mafuta kama hayo ni mali. Kumwaga mali hiyo kwenye ndoo ya kudekia sakafu ya udongo ni hasara, hasa kwa mama anayehesabu faranga za makala. Aliye Goma mjini, mwenye kibarua cha mshahara, akitaka kununua kichupa cha mkaratusi kwa ajili ya jiko lake, anunue kwa furaha. Wa Kalengera aanze na kilichoko uani.

Na kilichoko uani si haba. Karibu kila boma lina shina la mchaichai kwa ajili ya chai ya asubuhi. Mikaratusi, ambayo wasemao Kinyarwanda huiita inturusu, imejaa kando ya mashamba. Tangu 2007 shirika la WWF kupitia mpango wa EcoMakala limesaidia wakulima waizungukao Hifadhi ya Virunga kupanda miti inayokua haraka, mkaratusi ukiwamo, ili makala yatoke shambani badala ya msituni. Miti inakatwa kwa ajili ya makala, majani yanaachwa chini. Majani hayo yanafaa. Chemsha fungu la majani ya mkaratusi au mchaichai ndani ya sufuria iliyofunikwa, acha lipoe likiwa limefunikwa bado, chuja, kisha tia sabuni. Ukiacha wazi, sehemu nzuri ya mafuta itakwenda na mvuke, utabaki na maji ya kijani. Mfuniko ndio unaoleta tofauti. Waliojifukiza nyungu mwaka 2020 wakati wa korona wanajua jinsi mvuke ule unavyobeba nguvu ya jani.

Maganda ya ndimu na machungwa nayo yana njia yake. Yajaze ndani ya chupa ya kioo, mimina siki hadi yafunikwe, funga, weka mahali pa giza kwa wiki mbili. Siki itageuka rangi ya chai. Ichuje, iongeze maji kiasi hichohicho. Hii inafaa kwa vioo, kwa ubao wa kukatia ulionuka samaki wa sambaza, kwa beseni lililolowekewa mihogo likabaki na uchachu wake. Harufu ya samaki inatokana na vitu vyenye tabia ya magadi, na tindikali huvibana visipae tena. Kwa hiyo hapo ndimu inasaidia zaidi kwa maji yake kuliko kwa mafuta ya ganda lake. Mama zetu waliopangusa mikono kwa ndimu baada ya kuparua samaki hawakukosea.

Sufuria zinahitaji neno la peke yake. Nyingi zetu ni za alumini. Majivu na magadi huila alumini na kuifanya iwe nyeusi ndani. Tindikali huirudishia weupe. Ukichemsha maganda ya ndimu na maji ndani ya sufuria iliyopiga weusi, kwa robo saa, utaona inang'aa kama mpya, na yale maji unayamwaga, hupikii. Majivu yabaki nje, kwenye masizi. Shangazi analijua hili bila kusoma popote: nje majivu na mchanga, ndani ndimu. Nilipomwuliza sababu, alisema mama yake alifanya hivyo.

Wadudu nao. Sisimizi hufuata njia ya harufu wanayoachiana. Ukiipangusa njia hiyo kwa maji ya sabuni yenye ndimu au karafuu, umeifuta barabara yao, watahangaika kwa muda. Watarudi kama sukari iko wazi. Mende hawamalizwi na tone la karafuu. Kwa mende mlima wetu una dawa yake, pareto, lile ua jeupe linalolimwa katika nyanda za juu kuzunguka volkano, ambalo ng'ambo, Musanze, lina kiwanda chake tangu zamani. Pareto si mafuta ya harufu, na ni sumu ya wadudu na samaki, kwa hiyo isiguse chakula wala kisima. Naitaja kwa sababu nimeona watu wakimwaga kichupa kizima cha mafuta ghali kwenye pango la mende, wakaamka asubuhi mende wako palepale, wananukia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifanya niandike sura hii.

Harufu ya usafi, kwa mtu wa Goma, si ya ndimu. Ni ya javeli. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza akapatikana Goma. Kwa karibu miaka miwili hukuingia benki, kanisani, shuleni wala hospitalini bila kunawa kwenye bidoni lenye bomba, lenye maji ya klorini. Barabara hii ya Rutshuru ilikuwa na vizuizi vya kunawa mikono na kupimwa joto la mwili. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Kuna watu hadi leo wakisikia harufu ya klorini hukumbuka jamaa waliozikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, familia zikitazama kwa mbali. Mikono ilichubuka. Nguo zilipauka. Naelewa kabisa kwa nini mama akishika kichupa kinachonukia maua, akaambiwa kinafanya kazi ileile ya javeli bila ukali wake, anataka kuamini. Ningekuwa yeye ningetaka pia.

Lakini hakifanyi kazi ileile. Javeli, iliyopewa jina la kijiji kilichokuwa kando ya mto Seine, ambacho leo ni mtaa wa Paris, ni klorini iliyotiwa ndani ya maji. Wafaransa waliitengeneza mwishoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya kupaushia vitambaa. Klorini huua kijidudu cha kipindupindu haraka, kwa kipimo kidogo, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Hakuna mafuta ya harufu yanayoweza hayo matatu kwa pamoja.

Na sisi tunakijua kipindupindu. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka kwa mamia ya maelfu, kambi za Kibumba na Katale zilijaa kwenye barabara hii hii. Kibumba ni mwamba wa lava. Maji hayapatikani, kaburi halichimbiki. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa maradhi ya kuhara, kipindupindu kikitangulia. Tangu hapo hakijaondoka. Kila vita vinapowafukuza watu wa Rutshuru kuelekea Goma, kama 2012 na tena 2022, wanapojazana Kanyaruchinya na kwingineko, wakichota maji popote yanapopatikana, kipindupindu nacho huamka. Kila volkano inapovunja mabomba, kama Nyiragongo ilivyofanya tarehe 22 Mei 2021, watu hurudi ziwani na bidoni zao.

Jiko la Kalengera liko katikati ya historia hiyo. Maji ya kuoshea vyombo, kitambaa kinachopangusia sahani, mkono uliotoka chooni ukaingia kwenye bugali: hizo ndizo njia zake. Mafuta ya karafuu ndani ya ndoo ya maji machafu yanafanya maji machafu yanukie karafuu. Na hilo ni baya kuliko kuyaacha yanuke, kwa sababu pua ndiyo mlinzi wetu wa kwanza, na tumemtia usingizi.

Kuna kisa kimoja ambacho wapenda vitu vya asili hukipenda, na ni cha kweli. Guinea-Bissau, katikati ya miaka ya 1990, watafiti walifuatilia familia wakati wa mlipuko wa kipindupindu, wakaona kwamba waliotia maji ya ndimu kwenye mchuzi waliugua kwa nadra zaidi. Kijidudu cha kipindupindu hakivumilii tindikali. Nafurahi kila nikikisoma kisa hicho, kwa sababu ndimu ipo kwetu na haimdhuru mtu. Kamua ndimu kwenye mboga yako. Lakini angalia kilichofanya kazi: maji yake chachu, kwa wingi, ndani ya chakula. Mafuta ya ganda hayakuhusika. Na watafiti hawakumwambia mtu aache kuchemsha maji.

Hatari moja inazaliwa hapohapo, na naomba isomwe mara mbili. Javeli isichanganywe kamwe na siki, wala ndimu, wala ile siki ya maganda niliyoieleza hapo juu. Tindikali ikikutana na javeli huifukuza klorini ikatoka kama gesi, na gesi hiyo huunguza mapafu. Isichanganywe pia na mkojo, wala na dawa ya kusafishia yenye amonia. Jiko la Kalengera ni dogo, dirisha lake ni kama kiganja. Mama anayesugua sakafu kwa siki halafu akamwaga javeli ili "iwe safi zaidi" anaweza kuanguka kabla hajaufikia mlango. Siku ya ndimu iwe ya ndimu, siku ya javeli iwe ya javeli, na kati yake suuza kwa maji mengi.

Mafuta yenyewe yana ukali wake. Yule mtoto na cheche zake alituonyesha: yanawaka. Usiyamimine karibu na mbabula, wala usipanguse meza kwa mafuta matupu moto ukiwa umewashwa. Mkaratusi ni sumu kwa mtoto akiunywa. Kijiko kimoja cha chai kinaweza kumletea degedege. Karafuu hubabua ngozi ikiwa haijachanganywa. Limonini iliyokaa muda mrefu kwenye chupa iliyofunguliwafunguliwa hubadilika ikaanza kuleta upele, kwa hiyo kichupa kilichozeeka kitupwe, hata kama kilikuwa ghali. Na usiyahifadhi kwenye chupa ya plastiki ya soda: yanaweza kuilegeza plastiki, na mtoto mwenye kiu huiona soda.

Niseme pia kuhusu wauzaji. Mara moja, Goma, nilinunua kichupa kilichoandikwa karafuu. Nilipokifikisha nyumbani nikafanya jaribio la glasi. Mafuta yakaelea. Karafuu halisi huzama. Yale yalikuwa mafuta ya kupikia yaliyotiwa manukato. Sikumrudia muuzaji, maana huenda naye aliuziwa hivyohivyo. Lakini tangu siku hiyo sinunui karafuu bila kuwa na glasi ya maji.

Niliporudi Kalengera mara ya mwisho nilimpelekea shangazi kichupa cha kweli cha makonyo, kidogo kama kidole gumba. Alikinusa, akafumba macho, akasema kinanukia arusi. Hakukitia kwenye ndoo. Alitia matone mawili kwenye kitambaa kikavu, akakipachika ndani ya kabati la unga, akafunga mlango. Kisha akachukua sabuni ya kipande na majivu, akaanza kuosha sufuria kwa maji aliyokuwa ameyachemsha asubuhi.

Kwa hiyo, msomaji, maganda usiyatupe, mchaichai upande karibu na mlango, na kichupa ukikipata kichanganye na sabuni kwanza. Siku zahanati itakapotangaza kipindupindu kijijini kwenu, kiweke kichupa hicho juu ya kabati mtoto asipofikia, chemsha maji ya kunywa, toa javeli, soma kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, na uoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa bugali.